Sekunde Nne na Nusu za Larissa

Mimi ni fundi simu. Nina meza moja ndani ya saluni ya Mireille, hapa Point, upande wa mtaa unaotazama maghala ya bandari, na kwenye meza hiyo nimekaa miaka kumi na moja. Kwetu Kongo nilisomea umeme nikapata diploma. Hapa Durban nina bisibisi, taa ya kubana mezani, na jina la utani. Wakongo wa hapa wananiita Ingénieur, yaani injinia, na wakilitamka wanalivuta mwishoni kana kwamba nimejenga daraja. Najua nusu yake ni kejeli. Nusu iliyobaki niliipenda mno, na ninayoyaeleza hapa yalitokana nayo.

Kanisa letu lina ndugu kila mahali: Kalemie, Lubumbashi, Bujumbura, Nairobi, mpaka kwa akina mama waliohamishiwa Finland. Tangu mwaka ule wa korona tunafanya mashindano ya Biblia kwa kuchati. Yanaanza Januari na kumalizika baada ya Pasaka, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Tunatumia programu ya zamani ya maandishi matupu. Haina picha, haina sauti, haili bando, na inafunguka hata kwenye simu uliyonunua mwaka ulipooa. Mwamuzi anaandika swali, na anayejibu sawasawa kabla ya wenzake anachukua pointi. Zawadi ni Biblia yenye jalada la ngozi na sifa kwa kanisa lako, na kama hujawahi kukaa na watu wa kanisa, usidhani sifa ni kitu kidogo.

Mwaka wa kwanza tuligombana vibaya. Watu wa Kalemie walisema Durban inashinda kwa sababu ya mtandao, si kwa sababu ya Maandiko. "Nyinyi muko na fibre," waliandika, "sisi tuko na mnara moja na jenereta ya kukohoa." Walikuwa na haki. Hapo ndipo Ingénieur aliponyoosha mkono.

Ile programu ina amri ndogo. Unaandika alama ya mkwaju (/), neno ping, na jina la mtu. Simu yako inatuma alama kwa simu yake, simu yake inairudisha yenyewe bila mwenyewe kugusa kitu, nawe unaonyeshwa safari ya kwenda na kurudi imechukua sekunde ngapi. Nikasema: kabla ya kila mchezo nitampima kila mchezaji mara tatu, niandike daftarini, na akijibu swali nitamtolea ule muda wa safari. Unabaki muda wa akili yake peke yake. Mwenye mtandao mbovu anarudishiwa haki yake.

Watu walifurahi kweli. Kwenye ibada ya Jumapili nilitajwa kwa jina. Nilifanywa mwamuzi wa kudumu, na nikaanza kuvaa miwani ya kusomea hata pale nisipoihitaji.

Larissa nilimjua kwa maandishi tu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kalemie, ameposwa, mwimbaji wa kwaya. Hakuandika herufi kubwa hata kwa jina la Mungu, maana alikuwa na haraka, lakini alijua majina ya wafalme na ya miji ambayo mchungaji wangu mwenyewe huyaruka akisoma. Alifika fainali bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Wachezaji kumi, na watazamaji zaidi ya hamsini wakiwa kimya ndani ya programu. Nilianza kupima saa nane na nusu. Wachezaji tisa niliwamaliza. Larissa alikuwa hajaingia bado. Wakati ninamsubiri, Mireille akaja na simu yake mkononi, mafuta ya nywele mpaka kwenye viwiko. Mireille ndiye kiongozi wa kwaya yetu na ndiye mwenye saluni, kwa hiyo ananiamuru mara mbili.

"Ingénieur, nitumie hii video ya Pasaka. Watu ya Lubumbashi wako wanangoja tangu asubuhi."

"Maman Mireille, niko kwa fainali."

"Si ni kubonyeza tu? Bonyeza, unirudishie simu."

Nikaiunganisha simu yake na mtandao wa saluni, ule ule niliokuwa ninautumia mimi, nikabonyeza tuma. Video ya nyimbo nne, nzito. Kabla sijairudisha simu, Larissa akaingia: "samahani nilikuwa natafuta pahali network iko". Nikampima. Sekunde nne na nusu. Mara ya pili, nne na nne kwa kumi. Mara ya tatu, nne na sita kwa kumi. Kawaida yake ilikuwa sekunde moja. Niliinua nyusi, nikaandika nne na nusu, nikaendelea na kazi. Ile video nilikuwa nimeshaisahau.

Saa tisa tukaanza. Niliuliza jina la mfalme wa Bashani. Larissa akajibu "ogu" baada ya sekunde tatu na nusu. Nikatoa nne na nusu. Nikatoa tena nikidhani nimekosea. Kwa hesabu yangu, Larissa alikuwa amejibu sekunde nzima kabla sijauliza. Swali la pili likawa hivyo. La tatu pia.

Nilijua papo hapo ni nini, au nilidhani nimejua. Mtu anaweza kuudhoofisha mtandao wake kwa makusudi wakati wa kupimwa, kisha akaucheza mchezo kwa mtandao mzima, akavuna sekunde za bure. Hila hiyo nilikuwa nimeiwaza mwenyewe usiku mwingi, nikiingoja itokee ili niikamate. Na sasa imetokea! Nakiri kwamba sikuhuzunika. Nilifurahi kama polisi aliyeona taa nyekundu imepitwa mbele yake.

Nikasimamisha mchezo. Nikaandika mbele ya wote kwamba Larissa wa Kalemie amepunguza mtandao wake wakati wa kupimwa, kwamba huo ni udanganyifu, na kwamba ametolewa.

Akaandika: "ingenieur sikufanya kitu. tafadhali pima tena".

Nikamjibu: "Mashine haisemi uongo, dada."

Sikupima tena. Na hata ningepima ningepata sekunde moja, maana video ilikuwa imeshafika Lubumbashi, nami ningewaambia watu: mnaona, sasa ameuachia. Nilikuwa nimemfungia milango yote. Biblia ya ngozi ikachukuliwa na Steve, kijana wa kanisa letu hapa Durban, na tukaiombea.

Kule Kalemie Mchungaji Pacifique hana mchezo. Larissa akatengwa: asiimbe, asishiriki meza ya Bwana, mpaka atakaposimama mbele ya kanisa, akiri na kutubu. Akakataa. Binamu wa Mireille anaimba kwaya ile ile, na habari zote zilipitia kwake zikatua saluni pamoja na chai ya saa nne.

"Yule dada ni kichwa ngumu," Mireille alisema mwezi wa tano. "Anasema hawezi kutubu kitu hakufanya. Na harusi iko tarehe tisa mwezi wa nane. Mchungaji anasema mtu ametengwa haiwezi kubarikiwa ndoa."

"Atubu tu," nikasema. "Ni neno moja."

Nilisema hivyo nikiwa ninasafisha kioo cha simu ya mtu. Hata sikuinua macho.

Tarehe tisa mwezi wa sita alikuja Kendi, Mkenya anayesomea udaktari wa falsafa hapa na kukaa mtaa wa Overport. Kompyuta yake ilikuwa haipokei chaji. Anasomea mambo ya mitandao, na mimi nikipata mteja msomi huwa siwezi kunyamaza. Nikamsimulia daftari langu, vipimo vyangu, na jinsi nilivyomnasa mdanganyifu wa Kalemie. Nilitegemea atasema safi.

"Fundi," akasema, "na ulijuaje delay ilikuwa kwake na si kwako?"

"Kwangu iko fibre."

"Fibre yako peke yako ama ya saluni nzima?" Akawatazama wateja waliokaa kwenye benchi, kila mmoja na simu yake. "Hiyo ping inaenda na kurudi. Inakupa jumla ya njia yote. Haiwezi kukuambia imekwama wapi. Labda imekwama hapa tu kwa mlango wako, ikingoja kutoka. Mtu akiwa anatuma kitu kikubwa, lazima ipange foleni."

"Kitu kikubwa kama nini?"

"Kama video."

Nilimrudishia kompyuta yake kabla sijamaliza kazi. Nikamwambia arudi kesho. Akasema sharp, yaani sawa, akaenda zake akidhani nina njaa.

Nikachukua simu mbili za kwangu. Moja nikaiweka kwenye mtandao wa saluni, nyingine kwenye bando, nikaipima hii kutoka kwa ile. Sehemu ndogo ya sekunde. Kisha nikamwomba Mireille simu yake, nikaituma tena ile video ya Pasaka, nikapima. Sekunde nne na tatu kwa kumi. Nne na nusu. Nne na sita. Mama mmoja aliyekuwa anakaushwa nywele aliniuliza kama ninaumwa. Nikafungua kumbukumbu za simu ya Mireille: video ilianza kwenda saa nane na dakika hamsini na nne, ikamalizika saa tisa kasoro dakika moja. Daftari langu lilionyesha Larissa amepimwa saa nane na hamsini na tano.

Zile sekunde zilikuwa zangu. Nilikuwa nimeuziba mlango wangu mwenyewe, kisha nikamwita mtu wa Kalemie mwizi kwa sababu amechelewa kuingia.

Ningeweza kuandika siku ile ile. Nilikuwa na simu mbili mezani na zote zilikuwa na chaji. Nitasema kwa nini sikuandika, na sitajipaka rangi nzuri. Nikikiri, michezo yote ya miaka yote itaulizwa. Steve wa kanisa letu amebeba Biblia isiyo yake, na watu watasema nilimpendelea. Lakini hayo ni maelezo ya mtu mzima. Ukweli ni mdogo na wa aibu zaidi: katika mji huu mimi ni mgeni mwenye karatasi za ukimbizi za kuhuishwa kila mara, walinzi wa benki hunifuata kwa macho, na kulikuwa na sehemu moja tu ambapo nikisema jambo watu wanasema Ingénieur amesema. Nilimwacha msichana abaki ametengwa ili mimi niendelee kuitwa hivyo.

Nilimwandikia Larissa faraghani mara moja. "Bonjour dada, habari za siku?" Nikaitazama, nikaifuta kabla ya kuituma. Jumapili nilikaa viti vya katikati, nikaimba. Siku ya meza ya Bwana nilishiriki, mkate ukapita vizuri tu kooni, na hilo lilinitisha kuliko kama ungenikaba.

Mwisho wa mwezi wa saba Mireille akaja na tabasamu.

"Ingénieur, furahi! Yule dada amefunguka. Jumapili ya tarehe makumi mbili alipiga magoti mbele ya kanisa, akasema yote. Binamu yangu anasema watu walilia. Sasa harusi iko."

"Mungu asifiwe," nikasema.

Na nilimaanisha. Hapo ndipo ninapojichukia hasa. Nilihisi mzigo unashuka. Nilijiambia basi, limekwisha, ataolewa, kila mtu yuko sawa. Nilimshukuru Mungu kwa uongo ambao mtu mwingine ameusema kwa ajili yangu.

Video ya harusi ilifika katikati ya Agosti. Mireille akaiweka kwenye televisheni ya saluni, wanawake wakapiga vigelegele na mashuka ya kusukia yakiwa bado shingoni. Nikaona uso wa Larissa kwa mara ya kwanza. Mdogo kuliko nilivyodhani, mwenye pengo kati ya meno ya mbele. Kwaya ilipoanza kuimba aliigeukia, akafungua kinywa kama mtu anayeijua sehemu yake, kisha akakifunga. Nikajifanya nimepoteza skrubu chini ya meza, nikakaa huko chini mpaka wimbo ukaisha.

Mwezi wa tisa tukaanza maandalizi ya msimu mpya, mapema kuliko kawaida, kwa mchezo wa kirafiki. Kamati ikanitumia kanuni nizisome kwa wote kabla ya swali la kwanza, kwa kuwa mimi ni mwamuzi. Kanuni ya nne ilikuwa mpya: "Mchezaji yeyote atakayefanya kama Larissa wa Kalemie, kupunguza mtandao wakati wa kupimwa, atatolewa na kanisa lake litaarifiwa." Walikuwa wameliweka jina lake ndani ya sheria. Nilipaswa kuliandika kwa vidole vyangu, na kila mwaka mwamuzi mwingine angeliandika baada yangu.

Jumamosi ile, saa tisa, niliandika kanuni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Watu sitini na wanane walikuwa ndani. Kwenye orodha nililiona jina la Larissa. Alikuwa amerudishwa kundini, ameruhusiwa kutazama. Nikafika ya nne. Nikasimamisha vidole. Mireille alikuwa nyuma yangu akimsuka mtu.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Maman, ile siku ya fainali, ile video yako. Ni mimi niliituma wakati nilikuwa napima."

"Basi?"

Sikumweleza. Niliandika. Niliandika kwamba kanuni ya nne siisomi. Kwamba sekunde nne na nusu zilikuwa za mtandao wangu hapa Durban, nilipokuwa ninatuma video huku ninapima. Kwamba Larissa hakudanganya, kosa ni langu, naomba msamaha kwake na kwa kanisa la Kalemie, na Steve airudishe Biblia. Nikatuma kabla sijaisoma mara ya pili. Nyuma yangu Mireille, aliyekuwa anasoma juu ya bega langu, alisema "Eish," akaacha kusuka.

Majibu yakamiminika. Amina. Amina. Mungu akubariki kwa ujasiri huo. Ingénieur, wewe ni mtu wa kweli. Mchungaji Pacifique mwenyewe akaandika: "Ni kosa la mashine, ndugu. C'est pas grave, si kitu. Tumekusamehe. Tuendelee."

Nilianza kupumua. Nisiseme uongo, nilianza hata kujisikia vizuri.

Kisha jina lake likatokea.

"kaka bizimana. ulijua lini"

Hakuniita Ingénieur, aliniita kwa jina langu. Ningeweza kujibu jana. Ningeweza kujibu wiki iliyopita. Kendi peke yake ndiye angejua, na Kendi hayumo mle.

Nikaandika: "Tarehe tisa mwezi wa sita."

Zile amina zikakatika. Nilimwona anaandika, anaacha, anaandika tena.

"mimi nilipiga magoti tarehe makumi mbili mwezi wa saba"

Kisha: "mbele ya watoto wangu ya shule"

Kisha: "mchungaji aliniuliza nilifanya aje. sikujua inafanywa aje. nilitunga. niliambia mungu kitu nilitunga na watu wakalia"

Mireille aliweka mkono wake wenye mafuta begani kwangu, akauondoa.

"sasa nitubu nini kaka. nitubu kwamba nilitubu?"

Nilianza kumjibu. Niliandika kwamba hapana, asitubu kitu, uongo ule ni wangu, nitauombea toba mimi, nitasimama mbele ya kanisa lake na langu na kutengwa badala yake. Nilifuta neno toba nikaliandika tena. Nikatafuta neno lililo bora kuliko samahani na sikulipata. Vidole vyangu ni vya kushika skrubu ndogo, si vyepesi kwa maneno, na maneno yale yalikuwa mengi.

Nilikuwa bado naandika jina lake lilipotoka kwenye orodha. Nilituma hivyo hivyo. Programu ile haimpelekei mtu aliyekwisha kuondoka.